Kutoka Mbiru Hadi Ziwa Jipe

Kwa Wapare wa zamani, mbiru ilikuwa kodi ya kimila aliyopelekewa mtawala wao. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilipotaka kuwatoza kodi mpya, inayopanda kwa kadiri ya mali ya mtu, ililichukua jina hilohilo ili jambo geni lionekane la nyumbani. Wapare hawakudanganyika. Januari 1945 maelfu walishuka milimani hadi makao ya wilaya, Same, wakapiga kambi wakiikataa. Baadaye wanawake nao wakaandamana. Profesa Isaria Kimambo aliuandikia mgomo huo kitabu. Kodi ilifutwa.

Nalikumbuka jina hilo la mbiru, lililoazimwa bila wenyewe kuulizwa, kila ninapofika Ziwa Jipe, mpakani mwa Tanzania na Kenya, chini ya Upare wa Kaskazini. Mitumbwi hupenya vijia vyembamba kati ya magugu yaliyompita mtu kimo. Mkataba wa mpaka wa Waingereza na Wajerumani wa 1886 ulilitaja ziwa hili kwa jina. Wenyeji wake hawakuwapo mezani.

Lugha ya wapangaji wa leo ni ya upole zaidi. Mwaka 1987 tume ya Gro Harlem Brundtland iliyaeneza duniani "maendeleo endelevu", na mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ukapitisha malengo 17. Kiswahili hakimo katika lugha zake sita rasmi. Lakini milimani Same watu walikuwa na ndiva tangu enzi za mababu: bwawa linalojazwa usiku, likafunguliwa asubuhi, maji yakaenda shambani kwa zamu. Huo si uendelevu? Watafiti wenyewe huliandika neno ndiva vivyo hivyo katika ripoti zao za Kiingereza.

Katika Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, mwenye ndiva ni "mtumiaji maji" anayehitaji kibali. Kibali kina maana yake, kwa kuwa mto Pangani, ambako maji ya milima hiyo huelekea, una wengi wanaoutegemea huko chini. Kosa ni kwamba sheria hiyo iliandikwa kwa Kiingereza, na ni mwaka 2021 tu Bunge lilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria.

Ndiyo maana naomba jambo moja. Mpango wowote wa kuliokoa Jipe na magugu yake usomwe kwanza kwa Kiswahili katika mkutano wa kijiji, ufafanuliwe kwa Chasu na Kigweno, lugha za Upare, na kwa Kitaveta upande wa Kenya, kabla mtu yeyote hajautia saini.