Pensheni
Kiinua mgongo hutolewa mara moja. Pensheni huendelea hadi kifo. Kwa anayemtafuta babu wa mababu aliyepigania uhuru wa Marekani, hiyo ya pili ndiyo hazina. Moto wa mwaka 1800 uliteketeza kumbukumbu za Wizara ya Vita, kwa hiyo sheria ya pensheni ya 1832 ilipopitishwa, wazee walifika mahakamani wakaeleza kwa kiapo walikozaliwa, walikopigana, na makamanda wao. Baadhi ya wajane waling'oa kurasa za Biblia ya familia, zenye tarehe za ndoa na za kuzaliwa watoto, wakaziambatisha kama ushahidi. Mafaili ya maombi hayo yamehifadhiwa Washington, katika Nyaraka za Taifa. Ningeanza na faili la mjane: aghalabu ndilo lenye majina ya watoto.