Sheria mbili: iliyomfunga mgonjwa na iliyofungia bunduki

(Muziki wa kipindi unashuka.)

 Leo tunasimulia historia, na ni historia nzito, kwa kuwa inagusa kujiua. Kama wewe mwenyewe unapita katika siku mbaya, usiisome peke yako. Kaa na mtu. Au iweke kando kwanza, uende kituo cha afya. Historia haikimbii.

Mnajua mnapoishi. Kabla ya kambi kufunguliwa mwaka 1994, Dzaleka ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wa Kamuzu Banda. Ilipangwa kwa wakimbizi 10,000 hivi, na leo tumepita 50,000, wakiwemo wengi waliorudishwa kutoka mjini mwaka 2023. Kwamba mahali pa kufungia watu pamegeuka mahali pa kuwahifadhi si jambo geni katika nchi hii. Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Zomba nayo ilianza mwaka 1910 kama sehemu ya gereza. Mgonjwa na mfungwa walikaa nyuma ya ukuta mmoja, na sheria nayo iliwatazama kwa jicho moja.

Sheria hiyo ilitoka mbali. Mwaka 1899 jaji mmoja wa Queensland, Australia, Samuel Griffith, alikuwa amekamilisha kitabu cha makosa na adhabu kwa ajili ya koloni lake. Waingereza walikipenda. Kikapita Nigeria ya Kaskazini mwaka 1904, kisha mwaka 1930 kikafika huku kwetu: Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ambayo ndiyo Malawi. Ndani yake mlikuwa na kifungu kifupi kinachosema kwamba anayejaribu kujiua ametenda kosa. Malawi kiliandikwa kuwa kifungu cha 229, Kenya cha 226, Tanzania cha 217.

Ninyi mliotoka Kongo, Burundi na Rwanda mlikulia chini ya sheria ya ukoo mwingine. Ufaransa ililiondoa kosa hili mwaka 1791, na Ubelgiji ikafuata njia hiyo hiyo katika sheria zake. Kwa hiyo mtu anaweza kuvuka mipaka miwili akiwa na huzuni ile ile, na upande mmoja sheria ikanyamaza, upande wa pili ikamwita mkosaji.

Waingereza wenyewe walilifuta kosa hilo kwao mwaka 1961. Malawi ilipata uhuru Julai 1964, miaka mitatu baadaye, ikarithi kifungu ambacho mwenye nyumba alishakitupa. Nadhani hilo linaudhi zaidi kuliko kifungu chenyewe.

Madhara yake ni rahisi kuyaona. Mtu aliyeokolewa anaamka hospitalini, pembeni ya kitanda amesimama askari. Familia inaficha, inasema ameanguka tu. Muuguzi anatibu jeraha, na kilicholileta hakiulizwi. Nchini Kenya watu walichoka: tume ya taifa ya haki za binadamu na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili walikwenda mahakamani, na tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu akatamka kwamba kifungu cha 226 kinapingana na katiba.

Hapa tuelewane juu ya jambo moja, maana kambini linatisha wengi. Vifungu vile vilimhusu aliyejaribu. Kumwambia muuguzi kwamba mawazo ya kufa yanakujia si kosa.

Sasa tuje kwenye sheria ya pili, ambayo haimfuati mtu bali inafuata chombo.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza ilijaa bunduki zilizorudi na askari, na serikali iliogopa mapinduzi. Sheria ya mwaka 1920 ikasema: hakuna bastola wala raifoli bila cheti cha polisi, na cheti asipewe mlevi wa kupindukia, mtu asiye na akili timamu, wala yeyote ambaye kwa sababu nyingine hafai kuaminiwa silaha. Maneno hayo nayo yalipanda meli. Yakaingia katika sheria ya silaha ya Kenya ya 1953, katikati ya vita vya Mau Mau. Wasiwasi wa serikali wakati huo ulikuwa bunduki isiangukie mikononi mwa wapiganaji. Huzuni ya mwenye bunduki haikumnyima mtu usingizi.

Na kulikuwa na tundu kubwa. Swali la akili liliulizwa siku ya kuomba cheti, na baadaye polisi waliweza kukifuta kama wangejua. Lakini mtu hununua bastola akiwa na miaka 30, mzima, mcheshi, ana duka. Akifika 45 anaumwa, maumivu hayamwachi, halali, anaanza kusema watoto wangekuwa afadhali bila yeye. Bunduki bado iko kabatini, na cheti chake ni halali.

Afrika Kusini ililiona tundu hilo. Sheria yake ya kudhibiti silaha ya mwaka 2000, iliyoanza kutumika kikamilifu Julai 2004, inamtaka mwombaji awe na hali ya akili iliyotulia. Ila mimi nakipenda zaidi kifungu cha 102. Kinaruhusu mwenye silaha kutangazwa kuwa hafai kukaa nayo, kwa ushahidi wa kiapo, kama amesema anakusudia kujiua au kumdhuru mwingine kwa silaha, au kama hali ya akili yake inafanya silaha isiwe na faida kwake mwenyewe. Anaitwa, anasikilizwa. Mke, kaka au jirani anaweza kusema alichosikia. Soma tena hayo maneno, “faida kwake mwenyewe”. Kifungu cha 229 hakikuwa na neno kama hilo.

Utauliza: je, aliyekusudia hatatafuta njia nyingine? Wengi huamini hivyo, na ni imani inayoua. Mwaka 1978 mtafiti wa California, Richard Seiden, alichapisha habari za watu 515 waliozuiwa wakiwa hatua ya mwisho kabisa, kati ya 1937 na 1971. Aliwafuatilia. Zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa bado hai, au walikufa baadaye kwa sababu za kawaida. Wazo la kufa mara nyingi huja kama homa: linapanda, linachoma, linashuka. Aliyenusurika saa ile, kwa kawaida hubaki.

Lakini mimi na wewe hatuna bunduki, utasema, na wengi wetu tulizikimbia. Ni kweli. Basi tazama Sri Lanka, nchi ya wakulima kama Dowa. Huko chombo kilikuwa dawa za kuulia wadudu wa mazao, zilizojaa katika kila nyumba. Serikali ilipiga marufuku zile kali zaidi mwaka 1995, ikaongeza nyingine mwaka 1998. Ndani ya miaka kumi vifo vya kujiua vilipungua kwa nusu. Umaskini haukwisha, na vita vya wenyewe kwa wenyewe viliendelea hadi 2009. Mavuno hayakuanguka. Kilichopungua ni sumu iliyo karibu na mkono wa mtu aliye katika saa mbaya.

Hilo haliwezi kusubiri bunge. Kama nyumbani kwako kuna mtu anayeumwa kwa muda mrefu, iwe kifua kikuu, kifafa, virusi, au mama aliyejifungua juzi na hatazami mtoto, na amebadilika, anagawa vitu vyake, anajiita mzigo, muulize waziwazi: “Ndugu yangu, unafikiria kujiua?” Swali halipandi wazo. Mara nyingi linamtua mtu gunia alilobeba peke yake. Kaa naye usiku huo. Asubuhi mpeleke kituo cha afya, na mkipelekwa Lilongwe, fuatana naye.

Dawa za shamba zisilale ndani ya nyumba. Peleka kwa jirani mwenye sanduku la kufuli, na dawa zake za hospitali mtu mwingine azishike, ampe kipimo cha siku. Usifanye kwa siri kama mwizi. Mwambie: tunavitunza mpaka upate nafuu. Akishapona, atarudishiwa vyote, pamoja na ufunguo.

(Muziki.)