Mlinzi Aliyelala: Historia ya Gharama ya Kusikiliza

Gharama ya kusema huonekana upesi. Gharama ya kusikiliza haitazamwi sana. Anayesema hutumia nguvu zake kwa muda wa maneno yake tu. Walakini, anayengoja kuitwa hana budi kukesha, maana haijui saa ya wito. Jambo hili ni kweli kwa binadamu, na limekuwa kweli kwa mitambo ya simu ya upepo tangu siku zake za kwanza. Historia ya vipokezi vinavyotumia nguvu kidogo ni historia ya swali moja: msikilizaji atalalaje bila ya kupitwa na neno la lazima?

Usiku wa tarehe 14 Aprili, 1912, swali hilo liliulizwa kwa namna ya kutisha katika bahari ya Atlantiki. Meli iliyoitwa Californian ilikuwa imesimama kwa kuzuiwa na barafu. Ndani yake alikuwamo mpiga simu mmoja tu, Cyril Evans. Baada ya kazi ya kutwa alizima mtambo wake akaenda kulala. Dakika chache baadaye, saa 5.40 za usiku, Titanic iligonga mwamba wa barafu. Wito wake ulienea angani, lakini katika chumba cha Evans hapakuwa na sikio la kuupokea. Meli ya Carpathia, iliyokuwa mbali zaidi, iliusikia kwa bahati. Mpiga simu wake, Harold Cottam, alikuwa karibu kulala, ila hajavua bado vyombo vya masikioni, kwa kuwa alikuwa akingoja jibu la habari nyingine. Watu zaidi kidogo ya 700 waliokolewa. Yapata 1,500 walikufa. Evans hakuwa mvivu. Alikuwa mtu mmoja, na mtu mmoja hawezi kukesha usiku na mchana.

Dawa ya kwanza iliyotafutwa ilikuwa kuongeza walinzi. Mapatano ya usalama wa maisha baharini, yaliyotiwa sahihi London mwezi wa Januari, 1914, yaliagiza zamu ya kusikiliza isiyokatika kwa meli za madaraja fulani. Vita Kuu vikazuia mapatano hayo yasianze kutumika. Tena, kila zamu ilitaka mtu, na kila mtu alitaka mshahara, chakula na mahali pa kulala. Wenye meli ndogo waliona mzigo huo kuwa mzito.

Dawa ya pili ilikuwa ya akili zaidi. Mkutano wa simu za upepo uliofanyika Washington katika mwaka 1927 uliweka alama maalumu ya hatari: milio mirefu 12, kila mmoja wa nukta 4, na kati ya mmoja na mwingine kimya cha nukta moja. Chombo kiliundwa cha kungojea alama hiyo peke yake. Chombo hicho hakikujua kusoma herufi za Morse. Kilijua kupima urefu wa mlio na urefu wa kimya. Kilipopata milio michache iliyofuatana kwa kipimo sahihi, kilipiga kengele ya kumwamsha mpiga simu, naye akaja kusikiliza kwa akili ya binadamu. Hivyo kazi iligawanywa sehemu mbili: kuamka kukawa kazi ya chombo, kuelewa kukawa kazi ya mtu.

Ugawaji huo haukupatikana bure. Milio 12 pamoja na vimya vyake huchukua nukta 59. Maana yake ni kwamba meli inayozama iliombwa itoe karibu dakika nzima kabla ya kutaja shida yake. Hata kipimo chenyewe kilikuwa na mtihani. Kikilegezwa mno, ngurumo za radi zingeweza kumwamsha mlinzi bure. Kikikazwa mno, wito wa kweli ungeweza kupita ukapotea.

Fikira hiyo hiyo ilijitokeza nchi kavu wakati kipokezi kilipokuwa kidogo cha kutiwa mfukoni. Daktari wa hospitali alichukua peja ili aitwe popote alipo. Betri yake ilikuwa ndogo, na peja inayosikiliza daima huila betri hata pasipo wito wowote. Katika miaka ya 1970 Posta ya Uingereza iliita kundi la wataalamu kutengeneza utaratibu wa pamoja, unaojulikana kwa jina la POCSAG. Katika mwaka 1982 ulikubaliwa kuwa utaratibu wa kimataifa.

Katika utaratibu huo, mtambo wa kupeleka huanza kwa utangulizi wa alama zisizopungua 576, moja na sifuri zikipokezana. Kwa mwendo wa kwanza wa alama 512 kwa nukta moja, utangulizi huo huchukua zaidi kidogo ya nukta moja. Kwa hiyo peja yaweza kulala, ikafumbua jicho kwa kitambo kidogo, na ikiwa hakuna utangulizi, ikalala tena. Ukiwapo, hungoja alama ya kulinganisha saa, na baada yake mafungu manane hufuatana. Nambari ya peja ikigawanywa kwa nane, baki ndilo linaloonyesha fungu lake. Peja huamka kwa fungu hilo tu. Mengine saba huyapitisha usingizini. Mtambo wa kupeleka, wenye umeme tele, hurefusha usemi wake na kuchelewesha ujumbe hadi zamu ifike, ili kipokezi chenye akiba ndogo kiipunguze gharama yake. Mwenye nguvu hubeba mzigo wa asiye nazo.

Simu za mkononi zilirithi desturi hiyo ya kuamka kwa zamu. Katika mwaka 2021 kanuni ya mitandao isiyo na waya iitwayo 802.11ba ilirudia hata kengele ya baharini: kipokezi kidogo, kilichokusudiwa kutumia chini ya miliwati moja, hukesha kwa ajili ya kipokezi kikubwa na kukiamsha kikihitajiwa.

Ulinzi wa Morse baharini ulikoma rasmi mwaka 1999, lakini fundisho lake limebaki. Akiba haiozi, wahenga walisema. Na akiba ya msikilizaji hutunzwa kwa mapatano yaliyofanywa mapema baina yake na msemaji. Usiku ule wa 1912 Evans alikuwa na haki ya kulala. Alichokosa ni mtu wa kupatana naye jinsi ya kuamshwa.