Mjonso, Mubirizi na Watu Wao: Historia ya Ujirani wa Mganga na Mti kati ya Ziwa Tanganyika na Kivu

Mwaka 1989 jarida la *Primates*, lenye makao yake nchini Japani, lilichapisha makala mafupi juu ya sokwe mmoja mgonjwa katika milima ya Mahale, upande wa mashariki wa Ziwa Tanganyika. Waandishi wake walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa Michael Huffman, mtafiti Mmarekani aliyesomea Chuo Kikuu cha Kyoto. Wa pili alikuwa Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe, mfanyakazi wa hifadhi na mganga wa mitishamba. Tangu hapo kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi katika vitabu vya elimu ya wanyama, na mara nyingi husimuliwa hivi: wanasayansi waligundua kwamba mnyama hujitibu kwa majani ya porini. Masimulizi ya namna hiyo humwacha mwandishi wa pili nje ya mlango. Tena huacha nje jambo ambalo kwa mwanafunzi wa lugha na historia ndilo lenye uzito zaidi, yaani kwamba palikuwapo mtu aliyeufahamu mti ule, aliyejua jina lake, kazi yake na kipimo chake, kabla sokwe yule hajaukaribia.

Kisa chenyewe si kirefu. Mnamo Novemba 1987 Huffman na Seifu walimfuata sokwe jike aitwaye Chausiku. Jina hilo ni la Kiswahili safi, la mtoto wa kike aliyezaliwa usiku. Wengi wa sokwe wa Mahale walipewa majina ya Kiswahili au ya Kitongwe, maana Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi kati ya wageni kutoka Japani na wenyeji. Siku hiyo Chausiku alikuwa mnyonge. Alilala mchana, choo chake kilikuwa kimeharibika, na kutembea kwake kulikuwa kwa kujikokota. Akauendea mti mdogo, akavunja machipukizi, akaondoa majani, akamenya ganda, kisha akatafuna kiini cha shina, akinyonya maji yake machungu na kutema makapi. Mti huo si chakula cha kawaida cha sokwe. Siku iliyofuata nguvu zake zilikuwa zimerudi.

Seifu alipoulizwa, hakushangaa. Watongwe huuita mti huo mjonso, na kwao ni dawa ya tumbo, ya minyoo na ya homa. Hivyo basi swali ambalo mtafiti alikuwa akijiuliza juu ya mnyama lilikuwa limekwisha kujibiwa kwa upande wa binadamu, tena na mtu aliyesimama karibu naye. Bila jibu hilo, inaelekea kwamba kule kutafuna kungeandikwa katika daftari kama mlo mmoja wa ajabu kati ya milo mingine.

Wataalamu wa mimea huuita mti huo *Vernonia amygdalina*. Kwa msomaji wa Kongo si mgeni. Katika Bushi, kando ya Ziwa Kivu, huitwa mubirizi. Warundi na Wanyarwanda husema umubirizi. Waganda husema mululuza. Huko Afrika ya Magharibi Wayoruba huuita ewuro, na huko Kamerun majani yake, yakishaoshwa mara nyingi ili uchungu upungue, hupikwa kuwa ndole, mboga inayopendwa sana. Mti mmoja, basi, ni mboga mahali fulani na dawa mahali pengine, na kati ya hali hizo mbili lililobadilika ni mkono wa mtu: ni maji kiasi gani, ni sehemu ipi ya mti, ni kwa ajili ya nani.

Hapo ndipo kemia ilipokuja kuthibitisha jambo ambalo mganga alilishika kwa njia nyingine. Watafiti wa Kyoto walipochunguza mjonso katika miaka ya mwanzo ya 1990, walitenga humo vitu kadhaa vichungu, miongoni mwao vernodalini na vernonioside B1. Vernodalini, ambayo ni sumu ikizidi, imejaa zaidi katika majani na ganda. Kiini cha shina kina kidogo tu. Chausiku alikuwa ameyatupa majani na kulimenya ganda. Mnamo Desemba 1991 sokwe jike mwingine, Fatuma, alionekana akifanya vivyo hivyo, na safari hii choo chake kilipimwa: mayai ya minyoo yalishuka kutoka 130 hadi 15 kwa kila gramu katika muda wa saa 20. Ni mnyama mmoja tu, na hesabu ya mnyama mmoja haitoshi kuwa msingi wa tiba. Hata hivyo hesabu hiyo iliufanya ushuhuda wa Seifu usikilizwe na watu ambao wasingeusikiliza vinginevyo. Ni haki kuuliza kwa nini ilibidi iwe hivyo.

Yafaa kuongeza onyo. Kabla ya Mahale kujulikana kwa mjonso, ilijulikana kwa *Aspilia*, ambayo majani yake sokwe huyameza mazima bila kuyatafuna. Mwaka 1985 ilitangazwa kwamba majani hayo yana kemikali kali ya kuua vimelea. Uchunguzi wa baadaye haukuiona kemikali hiyo ndani ya majani. Leo inaaminiwa kwamba majani hayo, kwa kuwa na vinyweleo na kukwaruza, husukuma minyoo nje ya utumbo kwa nguvu ya kawaida tu. Mwenye haraka ya kuiona dawa katika kila jani ataaibika, awe mtu wa maabara au mtu wa kijijini.

Seifu alikuwa na habari nyingine, nayo ni ya zamani zaidi. Ilimhusu babu yake, Babu Kalunde, aliyekuwa mganga. Wakati mmoja kijiji chao kilipatwa na maradhi yaliyofanana na kuhara damu, na watu wengi waliugua. Babu Kalunde akamwona nungunungu mchanga, naye mgonjwa wa namna hiyohiyo, akichimba na kula mizizi ya mmea uitwao mulengelele. Watongwe waliujua mmea huo tangu zamani, lakini waliujua kama sumu, wakauepuka. Nungunungu akapona. Babu Kalunde akawaeleza wanakijiji alichokiona, na kwa kuwa neno tupu halikutosha, akaitumia dawa hiyo yeye mwenyewe mbele yao. Hapo ndipo wakakubali kuwapa wagonjwa. Wajukuu wake waliendelea kuitumia.

Hadithi za wanyama wanaomfundisha binadamu dawa zimejaa katika Afrika na kwingineko, na msomi aliyezoea kuchambua fasihi simulizi ataelekea kuiweka hii katika kabati la visasili vya asili. Lakini itazamwe tena. Mhusika wake ana jina na ukoo. Mmea wake ni mmoja, unaojulikana, wa jamii ya kunde. Tendo lililo kiini chake si muujiza, bali ni jaribio: mtu amepata dhana, dhana imekataliwa na wenzake, akajihatarisha ili kuithibitisha. Kisasili hakihitaji shaka ya wanakijiji. Hadithi hii bila shaka yao husambaratika. Kwa sababu hiyo inastahili kusomwa kama ushahidi wa kihistoria, ingawa tarehe yake haikutunzwa na ushahidi wenyewe umepitia kinywa cha jamaa, wenye kila sababu ya kumheshimu mzee wao.

Linalodhihirika humo ni aina ya ujuzi ambayo maneno ya kawaida ya Kiswahili huificha. Katika usemi wa kila siku husemwa "mitishamba", au "dawa ya kienyeji", kana kwamba ni bohari moja ambayo yeyote hufungua na kuchukua. Babu Kalunde hakuwa na mitishamba; alikuwa na mulengelele, mmea mmoja, ambao alifahamiana nao kwa sumu kwanza na kwa dawa baadaye. Alipata kujua mizizi yake, kiasi chake, na ladha yake mdomoni mwake mwenyewe. Ujuzi huo aliurithi mjukuu, naye hakuurithi kama orodha. Aliurithi pamoja na habari ya nungunungu, kwa sababu habari hiyo ndani yake ina onyo: mmea huu huua, na kidogo kilichomponya mzee ndicho kipimo.

Lugha zenyewe zina kumbukumbu ya ujirani huo. Neno dawa limetoka katika Kiarabu, na limefunika maneno ya zamani. Katika lugha nyingi za Kibantu mzizi uleule wa mti ndio unaotaja dawa. Kizulu husema umuthi kwa vyote viwili. Mganga ana jamaa kutoka Kikongo hadi Kishona, na kitenzi kuganga kilikuwa na maana ya kutibu na pia ya kuunganisha kilichovunjika. Kimebaki hai zaidi katika methali isemayo yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Katika Kiswahili cha Kongo neno hilo lilifanya safari ya pekee: munganga ni daktari wa hospitali, mwenye koti jeupe, wakati Tanzania mganga, asipoongezewa neno lingine, hufikiriwa kwanza kuwa wa jadi. Kitongwe nacho kina neno mfumo, ambalo msomaji wa Kiswahili asipoangalia atalichukua kwa maana ya utaratibu, kumbe ni mtabibu wa jadi, ndugu wa umupfumu wa Kirundi na Kinyarwanda.

Kwa majina ya mimea yenyewe ipo kazi moja inayostahili kutajwa kwa shukrani. Mwaka 1981 Nishida Toshisada, aliyeanzisha utafiti wa sokwe huko Mahale mwaka 1965, pamoja na Uehara Shigeo, walichapisha orodha ya majina ya mimea kwa Kitongwe. Wao walikuwa wataalamu wa sokwe, na waliihitaji ili kuandika chakula cha wanyama wao. Kwa mwanaisimu, hata hivyo, orodha ile ni hazina, na mwaka wake unatia huzuni. Wakati ilipochapwa, Watongwe wengi hawakuwa tena milimani. Operesheni ya vijiji vya ujamaa, katikati ya miaka ya 1970, ilikuwa imewahamisha kutoka makazi yao yaliyotawanyika msituni na kuwakusanya katika vijiji. Na mwaka 1985 milima ikawa Hifadhi ya Taifa. Majina yaliandikwa huku wenye majina wakiondoka. Seifu aliweza kuendelea kuitembelea mimea ya babu yake kwa sababu kazi yake ilikuwa humo humo hifadhini. Jirani yake asiye na kazi hiyo hakuwa na njia hiyo.

Ng'ambo ya ziwa, na kaskazini kidogo, mambo yalikwenda kwa mkondo huohuo, kwa ukali zaidi. Hifadhi ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975. Batwa waliokuwa wakiishi katika msitu ule walifukuzwa bila fidia. Hasara iliyohesabiwa kwanza ilikuwa ardhi na mawindo. Lakini waliopoteza msitu walipoteza pia mimea ambayo haipandwi, inayojulikana kwa kuendewa tu: ganda la mti fulani kwenye mteremko fulani, likichukuliwa upande mmoja ili mti usife. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwamba haki za Batwa hao zilivunjwa. Uamuzi unaweza kurudisha njia ya kuingia msituni. Kijana aliyezaliwa nje ya msitu, miaka 50 baada ya kufukuzwa kwa wazee wake, atahitaji mtu wa kumwonyesha ni mti upi, na wenye kuonyesha wamekuwa wachache.

Katika Bushi juhudi za kuandika zilifanyika mapema kuliko mahali pengi. Kitabu cha Georges Defour juu ya mimea 400 ya dawa za watu na mifugo kilichapishwa Bukavu mwaka 1995, katika mwaka ambao mji huo ulikuwa umezungukwa na kambi za wakimbizi. Ni kitabu cha kutambulisha mimea, na kwa kazi hiyo kinafaa. Hakikukusudiwa kuandika nani alimfundisha nani, wala ni mgonjwa yupi aliyezidishiwa kipimo, na kwa hiyo ukurasa wa mmea wenye sumu na ukurasa wa mmea mpole hufanana machoni pa msomaji. Mwanafunzi anayekwenda vijijini na daftari lake angefanya vyema kuuliza, pamoja na jina la mmea na ugonjwa, ni nani alimwonyesha mzee huyo mmea wenyewe, na siku hiyo ilikuwaje. Wazee wengi hulijibu swali hilo kwa urahisi kuliko lile la kwanza.

Mubirizi, kwa upande wake, umepona misukosuko hiyo kwa sababu ya tabia yake. Hushika kwa kupandikiza kijiti, huota kwenye ua, hauhitaji msitu wala ruhusa ya mlinzi. Aliyehama aliweza kuubeba. Ndiyo maana mama wa mjini Bukavu ambaye hajaingia msitu wa Kahuzi hata siku moja hukata tawi nyuma ya nyumba mtoto wake anapoumwa tumbo, na mtoto hukunja uso kwa uchungu wake, akiambiwa anywe kidogo tu, kwani mama naye aliambiwa hivyo.