Kinga, vilima na mto: historia ya njia zilizolisha Kindu

Mgeni akiuliza leo kutoka Kindu kwenda Kalima ni umbali gani, kijana wa pikipiki atamjibu kwa saa. Mzee aliyewahi kusukuma kinga atamjibu kwa siku. Wote wawili wanasema juu ya njia ileile, karibu kilometa 100, inayoanza Alunguli ng'ambo ya mto na kupanda kuelekea mashariki. Lakini ni yule mzee anayejua kila kilima kwa jina, kila kijito, na kila mahali ambapo mtu hupata maji ya kunywa.

Kinga ndilo jina tunaloita baiskeli huku kwetu. Historia ya jimbo la Maniema imeandikwa mara nyingi kwa habari za misafara, gari la moshi, migodi na vita. Habari za kinga haziandikwi sana, ingawa kuna miaka ambayo mji huu ulikula kwa sababu yake.

Njia ni za zamani kuliko magurudumu

Kabla ya kinga kulikuwa na miguu. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilipita Nyangwe na Kasongo, na Kasongo ikawa makao ya Hamed bin Muhammed, yule tunayemwita Tippu Tip. Livingstone alifika Nyangwe mwaka 1871, na tarehe 15 Julai mwaka huohuo akaona watu wakiuawa sokoni kando ya Lualaba. Kiswahili chetu kilikuja kwa njia hizohizo, pamoja na mpunga ambao leo ni chakula cha kila nyumba.

Mizigo yote ilikwenda juu ya kichwa na mgongo. Baada ya vita vya 1892 hadi 1894, Dola Huru la Kongo la mfalme Leopold lilichukua nafasi ya Waarabu na Waswahili, lakini mbeba mzigo alibaki chini ya mzigo wake.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalifahamu. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop alitengeneza tairi la kujaza upepo huko Belfast, na mashine ya kwanza kufaidika nalo ilikuwa baiskeli. Ulaya na Marekani wakaanza kutafuta mpira kwa pupa. Katika misitu ya Kongo watu walilazimishwa kukata mitambaa ya mpira, na waliokosa kufikisha kipimo walipigwa, walifungwa, na wengi waliuawa. Kwa hiyo babu zetu walilipia magurudumu ya baiskeli za watu wa mbali, miaka mingi kabla ya wao wenyewe kupanda moja.

Reli, barabara na kinga ya karani

Mwaka 1911 reli ya Kindu hadi Kongolo, kilometa 355, ilikuwa imekamilika. Kindu ikawa mahali pa kubadilisha chombo: meli zilitoka Ubundu kwa njia ya mto, mizigo ikapakiwa kwenye gari la moshi kuelekea kusini. Maporomoko ya mto juu ya Kindu ndiyo yaliyofanya mji huu uwe mkubwa.

Lakini reli iko upande wa kushoto wa Lualaba, inapita Kibombo na Samba. Upande wa kulia, kwenye vilima vya Pangi na Kalima, kulikuwa na kasiterite, yaani mawe ya bati. Kampuni ya Symetain ilianzishwa mwaka 1932, na Kalima ikawa kituo chake. Barabara zikachimbwa katika udongo mwekundu, mara nyingi kwa mikono ya wanavijiji walioitwa kazi kwa lazima. Mwaka 1942, wakati wa vita vya pili vya dunia, siku za kazi za lazima zilipandishwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Bati ilihitajika sana kwa sababu Wajapani walikuwa wamechukua Malaya, na mpira wa mwituni ukatafutwa tena.

Katika miaka hiyo kinga ilikuwa alama ya heshima. Aliyekuwa nayo ni karani wa kampuni, mwalimu, katekista au muuguzi. Ilisafishwa kwa mafuta, ikalazwa ndani ya nyumba. Hakuna aliyefikiria kuibebesha magunia.

Jinsi karani alivyogeuka mpagazi

Mambo yalibadilika polepole. Uasi wa Simba ulipita hapa mwaka 1964. Mwaka 1973 serikali ya Mobutu ilinyang'anya wageni maduka na mashamba yao, na maduka mengi ya vijijini hayakufunguka tena. Mwaka 1976 kampuni za madini ziliunganishwa kuwa Sominki. Malori yake bado yalipita, na panapopita lori la kampuni mtu hutengeneza daraja. Lakini mwaka 1985 bei ya bati ilianguka duniani. Migodi ikadhoofika, na barabara zikadhoofika pamoja nayo. Magogo ya madaraja yalioza bila kubadilishwa, na mvua ikachimba makorongo kwenye miteremko.

Lori likishindwa kupita, kinga hupita. Njia ya upana wa mguu mmoja inaitosha, na gogo moja juu ya kijito ni daraja lake. Ndipo kinga ilipotoka ndani ya nyumba ya karani na kuwa mpagazi.

Kisha vita vikaja. Waasi wa AFDL waliingia Kindu mwaka 1997, na mwezi Oktoba 1998 mji ukachukuliwa na RCD. Gari la moshi kutoka kusini likasimama. Meli zikakoma. Kati ya mwaka 2002 na 2003 mji ulizungukwa na Mayi-Mayi, na wakaaji wakaogopa kufika hata kwenye mashamba yao. Ndege zilileta bidhaa kwa bei ambayo mtu wa kawaida hakuiweza. Kilichobaki ni migongo ya wamama na kinga za vijana.

Chumvi, sabuni, nguo na dawa vilikwenda vijijini. Mchele, mawese, karanga na mihogo vilirudi mjini. Kutoka Kasongo ni karibu kilometa 240, na kila bariere ilidai chake. Msukuma kinga alikutana na wenye silaha wa kila upande, na kila upande ulimshuku kwamba ametumwa na wengine. Wapo waliorudi mikono mitupu, na wapo ambao familia zao bado zinawangoja.

Namna ya kupanda kilima

Wanaosema "kuendesha kinga" hawajaona kazi hii. Kinga yenye kilo 100 na zaidi haiendeshwi, inasukumwa. Fimbo ndefu hufungwa kwenye usukani ili mtu aiongoze akiwa kando yake, na fimbo nyingine husimamishwa nyuma ya kiti ili aisukumie. Magunia hupangwa chini na pembeni, maana mzigo ukikaa juu sana kinga hulala.

Njia ya Kalima ni shule ya kazi hiyo. Mtu huvuka Lualaba kwa mtumbwi, maana daraja hakuna, halafu mbele kuna mto Elila. Kati ya mto na mto kuna vilima. Kwenye mpando wasafiri huacha kinga moja chini, wawili au watatu wanapandisha nyingine, kisha wanarudi. Kwa hiyo kilima kimoja mtu hukipanda mara mbili au tatu. Kwenye mteremko hatari ni kubwa zaidi: breki hazitoshi, na mtu huvuta nyuma kwa uzito wa mwili wake wote. Ndiyo sababu hawakusafiri peke yao.

Mbinu hii si yetu peke yetu. Mwaka 1954 huko Dien Bien Phu, Wavietinamu walisukuma baiskeli zilizojaa mchele na risasi namna hiyohiyo, wakawashinda Wafaransa wenye ndege. Jirani zetu wa Goma wana chukudu yao ya mbao. Tofauti ni kwamba huko Vietnam baiskeli hizo zimewekwa kwenye majumba ya makumbusho.

Deni letu

Mwaka 2004 gari la moshi lilirudi Kindu, na pikipiki zikaongezeka mwaka hata mwaka. Kinga imebaki kwa asiyeweza kununua petroli, na hao si wachache. Bado utawaona asubuhi wakishuka Alunguli na mawese.

Mambo mawili yanatupasa. La kwanza ni la viongozi. Barabara ikitengenezwa, hesabu hufanywa kwa lori tu, na lori likikwama matengenezo yote yanaonekana bure. Madaraja madogo ya miguu na kinga, na mifereji ya maji kwenye miteremko, vingegharimu kidogo na kuwasaidia wengi. Na bariere zinazomdai mtu wa kinga zingeondolewa, maana amekwisha kulipa kwa jasho.

La pili ni letu sisi. Waliosukuma kinga wakati wa vita wakiwa na miaka 20 sasa wanazidi 40, na waliokuwa watu wazima wameanza kutuacha. Wengi wana maumivu ya kifua na mgongo. Wanajua majina ya vilima ambayo hayapo kwenye ramani yoyote. Kila familia ya Kindu iliyokula chumvi katika miaka ile ina mtu wa kumshukuru. Tuwaulize wakingali hai, na tuandike wanayotuambia, kabla vilima hivyo havijabaki bila majina.