Treni ya Masasi, 1958 hadi 1962

Mtu aliyezaliwa Masasi baada ya mwaka 1962, hata akiwa sasa na wajukuu, hajaona treni ikiingia mjini kwao. Wazazi wake waliiona. Tawi la reli lilifika Masasi mwaka 1958, na mwaka 1962 Reli ya Kusini yote, iliyotoka bandari ya Mtwara kwenda Nachingwea, ikafungwa. Baadaye vyuma vikang'olewa.

Treni hiyo inaweza kutembea tena, lakini juu ya meza tu, mikononi mwa wajenzi wa treni ndogo. Kwa kipimo cha 1 kwa 87, reli ya Afrika Mashariki yenye upana wa mita moja inakuwa na milimita 11.5 hivi, wajenzi hutumia 12. Fundi hufungua skrubu, akavua ganda la kichwa cha treni, akakuta mota, gia na vyuma vya kuongeza uzito. Katika mfumo wa zamani, umeme ukipandishwa, vichwa vyote vilivyo kwenye reli ile huondoka pamoja. Mwishoni mwa miaka ya 1980, kampuni ya Lenz ya Ujerumani ilitengeneza mfumo wa kidijitali, ambao chama cha National Model Railroad Association cha Marekani kilikuja kuufanya kanuni ya pamoja. Reli hubeba umeme na amri kwa wakati mmoja, na ndani ya kila kichwa hukaa dekoda inayotii namba yake peke yake.

Kazi ya kufunga dekoda inataka subira. Kwanza mota hutenganishwa kabisa na chasisi. Waya mwekundu na mweusi huchukua umeme kutoka kwenye magurudumu. Wa rangi ya chungwa na wa kijivu huupeleka kwenye kaboni za mota. Kabla ya kuwasha, fundi hupima kwa mita, kwa sababu mota ikiwa bado inagusa reli, dekoda inaweza kuungua papo hapo.

Kwa anayetaka kuijenga Reli ya Kusini, uwezo wa kuamuru kila kichwa peke yake ni wa maana sana: treni za Masasi na za Nachingwea zilitumia njia moja kufika Mtwara, na kila moja ilihitaji amri yake. Ila dekoda haisemi mabehewa yapakiwe nini. Jibu la hilo liko kwenye historia, na ndilo linaloeleza kwa nini reli ile haikudumu.

Reli ilijengwa kwa ajili ya karanga. Mwaka 1946 Uingereza, iliyokuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula baada ya vita, ilimtuma John Wakefield, aliyewahi kuongoza idara ya kilimo Tanganyika, kutafuta ardhi. Mpango uliofuata, chini ya Waziri wa Chakula John Strachey, ulikusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa yake Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Kwa kuwa bandari ya Lindi ilikuwa na kina kidogo, iliamuliwa kujenga bandari mpya Mtwara. Wakati huohuo reli ikaanzia Mkwaya, kwenye hori la Lindi, na kufika Nachingwea mwaka 1949.

Karanga hazikuja. Ardhi ilikuwa ngumu, mvua haikutabirika, mashine ziliharibika. Januari 1951 serikali ya Uingereza iliuacha mpango huo, ukiwa umepoteza takriban pauni milioni 36. Bandari ya Mtwara, ambayo reli ilikuja kuunganishwa nayo, ilikamilika mwaka 1954, miaka mitatu baada ya shehena iliyokusudiwa kufutwa.

Tawi la Masasi lilikuwa jaribio la kuipatia reli mzigo mwingine. Wakulima wa Lulindi, Newala na vijiji vya uwanda wa Makonde walikuwa wakipanda mikorosho, mti ambao Wareno waliuleta pwani hii kutoka Brazili. Mazao yalitakiwa kushushwa Masasi kwa lori, kisha yapande treni. Lakini mikorosho mingi ilikuwa bado michanga, na lori likishapakiwa Newala liliweza kwenda moja kwa moja hadi bandarini. Treni ziliendelea kwenda kwa hasara hadi zikasimamishwa.

Mzigo ulifika baadaye. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho tani 145,000 hivi, nyingi zikitoka kusini. Kisha wakulima walihamishiwa vijiji vya pamoja, mashamba yakaachwa, ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia, na mavuno yakaanguka. Yaliinuka tena: msimu wa 2017/18 yalizidi tani 300,000. Korosho hizo zimepita barabarani.

Kwa hiyo anayejenga treni ya Masasi ana miaka minne tu ya kuchagua, 1958 hadi 1962, na mabehewa yake hayawezi kuwa yamejaa. Akiyajaza karanga, anaonyesha ndoto ya London badala ya safari zilizofanyika kweli.

Funzo la reli iliyojengwa kabla ya mzigo wake linahitajika sasa, kwa kuwa serikali ina mpango wa reli kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, kwenye Ziwa Nyasa, yenye matawi ya kwenda Mchuchuma kwenye makaa ya mawe na Liganga kwenye chuma. Safari hii kuna mzigo ambao hauhitaji kubashiriwa. Makaa ya mawe ya Ngaka, mkoani Ruvuma, yamekuwa yakisafirishwa kwa malori hadi kiwanda cha saruji cha Dangote, kilichoanza kuzalisha Mtwara mwaka 2015, na kila msimu korosho za Masasi na Newala hushuka bandarini kwa malori pia. Hesabu za reli mpya zinapaswa kuanza na malori hayo: yanapakia wapi, yanabeba tani ngapi, na mkulima wa Lulindi atalipa kiasi gani kufikisha gunia lake stesheni.