Vijana Waliofundishwa Kuongoza kwa Kutumikia

Sisi tukaao Ngumbo, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, twajua ya kuwa mtumbwi mkubwa hauvutwi nje ya maji na mtu mmoja. Wavuvi warudipo alfajiri na usipa wao, aliye karibu huweka chini alichokishika akaenda kusaidia, wala hangoji kuitwa kwa jina. Na juu ya milima iliyo nyuma yetu ndugu zetu Wamatengo walikuwa na sengu, ambapo watu wa ukoo mmoja walikula pamoja, wazee wakazungumza habari za mashamba, za ndoa na za ugomvi, na vijana wakasikiliza. Sengu haikuwa na ubao wala chaki, lakini ilikuwa shule ya uongozi. Kijana alisikia jinsi shauri linavyokatwa miaka mingi kabla ya kutakiwa kukata lake.

Twataja hayo mapema ili mtu asidhani ya kuwa mambo tutakayoeleza yaliletwa na meli kwa watu wasiojua kitu. Habari yenyewe yaanzia mbali sana, kwa watu weusi wa Marekani. Tutaona jinsi mafundisho yao yalivyofika Afrika Mashariki, na jinsi vijana wa Ruvuma, bila kutumwa na mtu, walivyofanya jambo linalofanana nayo na kulipita. Katika safari hiyo yote tutakuwa na swali moja mkononi. Kijana akifundishwa kuongoza, je, hufundishwa kukata shauri pamoja na watu wake, au hufundishwa tu kutimiza shauri lililokwisha kukatwa mahali pengine?

Utumwa ulikomeshwa Marekani mwaka wa 1865, lakini mtu mweusi wa majimbo ya kusini hakupata raha. Watoto wake walitengwa na watoto wa Wazungu, na shule zao nyingi zilikuwa vibanda vyenye mwalimu mmoja. Tena, tangu miaka ya 1890, majimbo yale yalitunga sheria moja baada ya nyingine za kumnyang'anya kura. Mwaka wa 1892 mwalimu mmoja kijana, Virginia Randolph, ambaye wazazi wake walikuwa watumwa, alipewa shule ya namna hiyo katika wilaya ya Henrico, jimbo la Virginia. Jengo lilikuwa bovu. Yeye hakungoja serikali. Alipaka kuta chokaa, akatengeneza uwanja, akawafundisha watoto kushona, kupika na kulima bustani pamoja na kusoma na kuhesabu. Wazazi wengine walinung'unika, wakasema kazi za mikono watoto wao walizijua tangu nyumbani. Wao walitaka vitabu. Twaona ya kuwa wazazi wale hawakuwa wajinga, na manung'uniko yao tutayarudia.

Mwaka wa 1907 Anna T. Jeanes, bibi Mzungu wa Philadelphia wa madhehebu ya Quaker, alitoa dola milioni moja kwa ajili ya shule ndogo za watu weusi wa vijijini. Mwaka uliofuata Bibi Randolph alichaguliwa kuwa wa kwanza katika kundi la walimu walioitwa walimu wa Jeanes. Mwaka huo huo, tarehe 30 Machi 1908, aliwaongoza wanafunzi wake kupanda miti 12 penye shule yao. Mwalimu wa Jeanes hakukaa katika darasa moja. Alizunguka wilaya yote, katika njia za matope, akiwasaidia walimu wenzake na kuwakusanya wazazi. Mahali penye haja ya kisima aliwahimiza watu wachimbe kisima, na mahali penye haja ya paa alitafuta fedha za paa. Kazi yake haikuandikwa katika orodha. Kazi ilikuwa haja ile aliyoikuta alipofika. Wengi wa walimu hao walikuwa wanawake, na kazi hiyo iliendelea katika majimbo ya kusini mpaka mwaka wa 1968.

Sasa na tuvuke bahari. Mwaka wa 1924 tume ya mfuko wa Phelps-Stokes wa New York ilizunguka nchi za mashariki na kusini mwa Afrika ili kuchungua elimu. Ilifika Kenya, Uganda, Tanganyika, Unguja na Nyasaland. Mkuu wake alikuwa Thomas Jesse Jones, na miongoni mwa wajumbe wake Mwafrika alikuwa mmoja tu, Dk. James Aggrey. Huyu alizaliwa mwaka wa 1875 huko Anomabu, katika nchi iitwayo leo Ghana, akaenda Marekani mwaka wa 1898, akasomesha miaka mingi katika chuo cha watu weusi cha Livingstone, mjini Salisbury, jimbo la North Carolina. Popote alipohutubia watu walijaa kumsikiliza. Hawajapata kumwona mtu mweusi ameketi katika baraza moja na mabwana wale, akiulizwa maoni yake na kujibu bila woga. Wahenga husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Na vijana wengi walipona ugonjwa wa kujidharau kwa kumwona tu. Aggrey alifariki New York mwaka wa 1927, kabla ya kuona matunda yote ya safari ile.

Tunda la kwanza lilikuwa shule ya Jeanes huko Kabete, karibu na Nairobi, iliyofunguliwa mwaka wa 1925 kwa msaada wa fedha za Carnegie kutoka Marekani. Mkuu wake wa kwanza alikuwa James Dougall, aliyekuwa mwandishi wa tume. Jina la bibi yule wa Philadelphia likawa jina la shule katika nchi asiyopata kuiona. Walimu walikwenda Kabete pamoja na wake zao, wakakaa katika nyumba ndogo zilizojengwa kwa vitu ambavyo mtu wa kijijini angeweza kuvipata. Mume alijifunza ualimu, kilimo na useremala. Mke alijifunza ulezi wa watoto na usafi wa nyumba. Kisha walirudi kwao kuzitembelea shule za vijijini kama alivyofanya Bibi Randolph. Kabla ya miaka ya 1920 kwisha kazi kama hiyo ilikuwa imepangwa pia Nyasaland, na baadaye machifu nao walipelekwa kufundishwa huko Domasi, karibu na Zomba. Kwa hiyo mafundisho ya Virginia yalifika hata kusini ya ziwa letu hili.

Hapana shaka watu wengi walifaidiwa. Lakini hapa yafaa tuyakumbuke manung'uniko ya wazazi wa Henrico. Huko Marekani mwanachuoni mweusi, W. E. B. Du Bois, alimlaumu Jones waziwazi, akasema elimu ile ya mikono na utumishi yaweza kuwa njia ya kumweka mtu mweusi chini daima. Du Bois hakuona haya kwa jembe. Neno lake lilikuwa hili: mtu afundishwaye kuchimba kisima, na asiruhusiwe kumchagua mtawala wa wilaya kilimo kisima hicho, amepewa nusu ya elimu ya uongozi. Na Afrika Mashariki ilikuwa vivyo hivyo. Mwalimu wa Kabete aliweza kuongoza kijiji kizima katika usafi, lakini kodi, ardhi na sheria vilikatiwa shauri mahali asipoingia. Hata Tanganyika, shule ya serikali ya Tabora ilianzishwa mwaka wa 1925 hasa kwa ajili ya wana wa machifu, wapate kuwa mikono ya utawala. Ajabu ni kwamba shule hiyo ndiyo iliyompokea Julius Nyerere mwaka wa 1937. Shule haiwezi kujua siku zote inamlea nani.

Mwaka wa 1960 vijana wa pande mbili za bahari, wasiojuana kabisa, walidai ile nusu iliyosalia.

Tarehe 1 Februari wanafunzi wanne weusi wa chuo cha Greensboro, katika jimbo lile lile la North Carolina alikosomesha Aggrey, waliketi mezani dukani mahali palipowekwa kwa Wazungu tu, wakaomba wauziwe chakula. Walipokataliwa hawakuondoka. Baada ya majuma machache wanafunzi wa miji mingi walikuwa wakifanya hivyo. Mwezi wa Aprili mama mmoja aliyezoea kazi hizo, Ella Baker, aliwakusanya mjini Raleigh. Wazee wengine walitaka vijana wale wawe tawi la vyama vyao. Yeye aliwashauri waunde chama chao wenyewe, wasimtegemee kiongozi mmoja mwenye sauti kubwa. Chama kikaundwa, kikaitwa kwa kifupi SNCC. Mwaka wa 1961 kijana mmoja wa chama hicho, mwalimu wa hesabu aitwaye Bob Moses, alikwenda jimbo la Mississippi akakaa na wakulima maskini, akawafundisha jinsi ya kujiandikisha wapate kura. Alipigwa, akatiwa gerezani, wala hakuondoka. Katika kiangazi cha 1964 vijana wale walifungua huko shule zipatazo 40, watoto na wazee wakasoma pamoja, nao waliruhusiwa kuuliza swali lo lote.

Na mwezi wa Novemba mwaka ule ule wa 1960, vijana wachache wa Umoja wa Vijana wa TANU wilayani Songea, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, waliingia porini kuanza kijiji cha kulima pamoja. Jaribio la kwanza halikudumu. Mwaka uliofuata walirudi wakiwa na mpango bora zaidi, na hicho ndicho kijiji cha Litowa. Vijiji vingine vikafuata, vikaungana katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Miaka ya 1960 ilipokaribia kwisha vilikuwa zaidi ya 10. Walisaidiwa na Mwingereza Ralph Ibbott na jamaa yake, lakini mashauri yalikatwa mkutanoni. Shamba lipi lilimwe, mapato yagawanywe vipi, nani atumwe safari, yote yalizungumzwa na watu wote mpaka wakaelewana. Mkutano ulikuwa mrefu, na mtu mwenye haraka alichoka. Ndivyo sengu nayo ilivyokuwa.

Shule ya Litowa, chini ya mwalimu Suleman Toroka, ilikuwa ya namna yake. Watoto walilima chakula chao, wakawa na mikutano yao, wakajifunza mambo ya kijiji ambamo watakaa watakapokuwa wakubwa, si mambo ya kuwatoa kijijini. Palikuwa tena na kundi lililoitwa SERA, la wanachama waliokwisha kuzoea kazi. Hao walikwenda kuishi katika vijiji vipya, wakalima pamoja na wenyeji na kuwaonyesha njia. Ukimweka mtu wa SERA kando ya mwalimu wa Jeanes utaona wanafanana kama ndugu: wote wawili wazunguka, wote wawili watumika. Lakini huyu wa Ruvuma alikuwa na kura katika mkutano uliomtuma. Nyerere, aliyekuwa Rais, alipendezwa sana na vijiji hivi. Na alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwezi wa Machi 1967, watu wa Litowa waliona humo mambo mengi waliyokuwa wakiyafanya tayari.

Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama kile. Mali yake ilichukuliwa, na wageni waliokisaidia wakaondoshwa. Waliokivunja walikuwa na hoja zao: chama kilipokea misaada ya nje, na nchi changa, walisema, haiwezi kuwa na njia mbili za ujamaa. Hoja hizo zastahili kusikilizwa. Lakini kwa maoni yetu sababu kubwa ilikuwa nyingine. Wakubwa wa mkoa walizoea kutoa amri, na hapa walikuta wakulima waliozoea kuuliza kwa nini. Ni neno gumu kuandika, kwa kuwa waliokivunja hawakuwa wakoloni, bali ndugu zetu wenyewe, na baadhi yao kwa nia njema. Miaka michache baadaye watu walihamishwa kwa amri kwenda vijijini, na yaliyotokea wazee wetu wameyasimulia. Mahali pengine mbegu haikufa. Huko Matetereka, kijiji kimojawapo cha chama kile, watu waliendelea kulima pamoja miaka mingi baada ya 1969.

Katika mwaka ule ule wa 1969 Bob Moses, aliyekwisha kuihama Marekani, alifika Tanzania na jamaa yake, akawa mwalimu wa hesabu huko Same, mkoani Kilimanjaro. Alisomesha mpaka mwaka wa 1976, kisha akarudi kwao. Akaona ya kuwa watoto weusi wa Marekani wamepata kura, lakini wengi wao wanafungiwa mlango wa kazi kwa kutojua hesabu. Mwaka wa 1982 alianzisha mradi wa kuwafundisha aljebra watoto wa maskini, akaushughulikia mpaka alipofariki mwaka wa 2021. Mwaka wa 1996 vijana waliopita katika mafunzo yake, wakiwamo watoto wake mwenyewe, waliunda chama chao. Katika chama hicho mwanafunzi wa shule ya sekondari hufundishwa kwanza, kisha huwafundisha hesabu watoto wa mtaa wake, naye hulipwa ujira kwa kazi hiyo.